Tezi za Juu ya Figo Zikishindwa Kazi

Ndugu msomaji, wengi wetu tunazijua figo. Ukichinja mbuzi unaziona: ziko mbili, zimezungukwa na mafuta. Binadamu naye anazo mbili, moja kila upande wa uti wa mgongo. Lakini juu ya kila figo pana kitu kingine kidogo. Kitu hicho ni tezi. Inaitwa tezi ya adrenali.

Kwa mtu mzima, kila tezi ina uzito wa gramu 4 au 5 hivi. Huo ni uzito wa sukari inayojaa kijiko cha chai. Ni kitu kidogo kweli. Lakini tezi zote mbili zikishindwa kazi kabisa, mtu hawezi kuishi bila dawa.

Ugonjwa huu hauwapati watu wengi kama malaria. Hata hivyo, sisi wa Nduguti na vijiji vingine vya wilaya ya Mkalama tuna sababu tatu za kuujua. Kwanza, unaweza kuletwa na kifua kikuu. Pili, unaweza kuletwa na vidonge ambavyo watu hununua dukani na kuvimeza bila kuandikiwa na daktari. Tatu, unaweza kumwua mtu kwa ghafula, na kumbe dawa yake ipo.

TEZI HIZI ZINAFANYA KAZI GANI?

Tezi za adrenali hutengeneza homoni. Homoni ni kama tarishi. Hutoka kwenye tezi, husafiri ndani ya damu, na kupeleka maagizo sehemu nyingine za mwili. Leo tutazitaja homoni mbili.

Homoni ya kwanza inaitwa kotisoli. Hii husaidia kuweka sukari ya kutosha katika damu na kushikilia presha isishuke. Kotisoli huongezeka alfajiri, kabla hujaamka kwenda shambani. Usiku wa manane hupungua. Mtu akipata homa kali, akivunjika mguu au akipasuliwa hospitalini, tezi hutoa kotisoli nyingi zaidi ili mwili uhimili shida hiyo.

Homoni ya pili inaitwa aldosteroni. Kazi yake ni kuziambia figo zisiitupe chumvi yote katika mkojo. Chumvi ikibaki mwilini, maji nayo hubaki. Chumvi ikitoka, maji huifuata.

Basi fikiri juu ya mtungi uliotoboka chini. Unajaza maji asubuhi, jioni umekauka. Mtu asiye na aldosteroni ni kama mtungi huo. Anakunywa maji, lakini chumvi na maji vinampotea. Damu inapungua wingi wake, presha inashuka, na akisimama anaona kizunguzungu.

DALILI ZAKE

Ugonjwa huu huja polepole. Ndiyo maana wengi hawautambui. Dalili zake ni hizi:

1. Uchovu usiokwisha. Mtu analala usiku kucha, anaamka amechoka.
2. Kukonda na kukosa hamu ya kula.
3. Kichefuchefu, kutapika au kuumwa tumbo mara kwa mara.
4. Kizunguzungu anaposimama. Wengine huanguka.
5. Kutamani sana chumvi. Mtu anaongeza chumvi kwenye mlenda ambao wenzake wanaona umekolea.
6. Ngozi kuwa nyeusi kuliko ilivyokuwa.

Dalili ya mwisho inahitaji maelezo. Sisi Waafrika tuna ngozi nyeusi tangu kuzaliwa. Tutajuaje basi? Tunatazama mabadiliko. Tazama mistari ya viganja vya mikono. Tazama vifundo vya vidole, viwiko, makovu mapya, kucha, na ndani ya mdomo. Wapo watu wengi wenye afya njema ambao ufizi wao una madoa meusi tangu utotoni. Hao si wagonjwa. Lakini kama viganja na ufizi vimeanza kuwa vyeusi sasa, na mtu huyo anakonda na kuishiwa nguvu, aende hospitali.

Kwa nini ngozi inakuwa nyeusi? Chini ya ubongo kuna tezi nyingine inayoitwa pituitari. Hii ndiyo inayoziamuru tezi za adrenali kutengeneza kotisoli. Ikiona kotisoli haiji, inatuma amri nyingi zaidi na zaidi. Amri hizo zikizidi katika damu, huifanya ngozi itengeneze rangi nyeusi nyingi.

Jamani, hapa ndipo watu wengi hupotea. Wakimwona mtu anakonda na kuwa mweusi, husema amerogwa. Wengine husema ana UKIMWI, na kuanza kumkwepa. Wengine humwita mvivu kwa sababu hawezi tena kushika jembe. Miezi inapita kwa maneno ya watu, na mgonjwa anazidi kuisha.

Lakini tusitishike bure. Mtu aliyepalilia alizeti tangu asubuhi lazima achoke. Akila na kulala, nguvu zinarudi. Huo si ugonjwa. Tena uchovu na kukonda huletwa na mambo mengi: upungufu wa damu, minyoo, kisukari, kifua kikuu chenyewe, au virusi vya UKIMWI. Kazi ya kutofautisha ni ya daktari. Kazi yetu ni kumpeleka mgonjwa mapema.

UGONJWA UNALETWA NA NINI?

Mtu wa kwanza kuueleza ugonjwa huu vizuri alikuwa daktari Mwingereza, Thomas Addison. Alifanya kazi katika hospitali ya Guy's, mjini London. Mwaka 1855 aliandika kitabu juu ya wagonjwa 11. Baadhi yao tezi zao zilikuwa zimeharibiwa na kifua kikuu. Mpaka leo ugonjwa wa tezi zenyewe kuharibika unaitwa ugonjwa wa Addison.

Sasa tuzitazame sababu zake.

Kifua kikuu. Watu wengi hudhani kifua kikuu hukaa mapafuni tu. Sivyo. Vijidudu vyake vinaweza kusafiri katika damu na kuingia kwenye mifupa, ubongo, hata tezi za adrenali. Huko huzila tezi polepole, pengine kwa miaka. Mtu anaweza kuwa amepona kikohozi, kumbe tezi zimeshaharibika.

Mwili kujishambulia wenyewe. Askari wa mwili, ambao kazi yao ni kupigana na vijidudu, hukosea na kuzishambulia tezi. Huko Ulaya, siku hizi hii ndiyo sababu kubwa kuliko zote.

Virusi vya UKIMWI visivyotibiwa. Kinga ya mwili ikishuka sana, magonjwa mengine hupata nafasi ya kuziingia tezi hizi.

Mama kupoteza damu nyingi wakati wa kujifungua. Damu ikimwagika mno, tezi ya pituitari inaweza kukosa damu na kufa. Baadaye mama huyo hatoi maziwa, hapati tena siku zake, na nguvu zinamwisha. Yeye ngozi yake haiwi nyeusi, kwa sababu pituitari haiwezi tena kutuma amri. Akina mama wakumbuke jambo hili, na mkunga aambiwe.

Vidonge. Hii ni sababu kubwa, nasi tunaweza kuizuia wenyewe. Tuieleze peke yake.

HATARI YA KUACHA VIDONGE GHAFULA

Kuna dawa zinazofanana na kotisoli. Zinazojulikana sana ni predinisoloni na deksamethasoni. Ni dawa nzuri mikononi mwa daktari. Huwasaidia wagonjwa wa pumu, wagonjwa wa viungo, wagonjwa wa ukoma wanapovimba mishipa ya fahamu, na wagonjwa wa kifua kikuu cha ubongo.

Lakini wapo watu wanaozinunua ili wanenepe. Wapo wanaozinunua kwa maumivu ya magoti. Hata baadhi ya mafuta ya kujichubua ngozi huwa na dawa za jamii hii, nazo hupita kwenye ngozi na kuingia katika damu.

Mtu akimeza dawa hizi kwa wiki nyingi, mwili huona kotisoli ipo tele. Basi pituitari hunyamaza, na tezi za adrenali hulala. Siku mtu akiacha vidonge ghafula, tezi zimelala na dawa hakuna. Mwili unabaki mtupu.

Tuchukue mfano. Mzee mmoja anaumwa magoti. Amekuwa akinunua predinisoloni dukani. Siku moja anakwenda zahanati na kukutana na mganga, binti kijana.

Mganga: Shikamoo, baba.

Mzee: Marahaba, mwanangu. Nimekuja kwa sababu ya huu uso. Umevimba kama mwezi mpevu. Nimeamua kuviacha hivi vidonge leo hii.

Mganga: Umevimeza kwa muda gani, baba?

Mzee: Tangu kupura mtama. Miezi mitano sasa.

Mganga: Baba, umefanya vizuri kuja kabla ya kuviacha. Ukiviacha leo, kesho kutwa unaweza kuanguka.

Mzee: Sasa mbona unanichanganya? Vinanidhuru, na kuviacha vinanidhuru?

Mganga: Ndiyo, baba. Ng'ombe wa plau akilala miezi mitano bila kazi, humfungi siku moja na kumlimisha ekari nzima. Unamzoesha kidogo kidogo. Tezi zako nazo zimelala. Nitakuandikia uende hospitali. Daktari atapunguza vidonge polepole, mpaka tezi ziamke. Huenda ikachukua wiki nyingi, hata miezi.

Mzee: Na nikipata malaria katikati ya hapo?

Mganga: Umeuliza la maana sana. Mwambie mganga yeyote atakayekutibu kwamba unapunguza vidonge hivi. Usifiche.

Ndugu msomaji, shika neno hili: ukishameza predinisoloni au deksamethasoni kwa zaidi ya wiki tatu au nne, usiache ghafula bila kumwuliza daktari. Tena usianze kabisa kama hukuandikiwa.

DAKTARI ANAPIMAJE?

Kwanza daktari au mganga atauliza maswali. Je, uliwahi kuugua kifua kikuu? Unameza vidonge gani? Unajipaka mafuta gani? Jibu kweli. Kama una pakiti ya vidonge, ichukue uende nayo.

Halafu atapima presha ukiwa umelala, kisha ukiwa umesimama. Ikishuka sana unaposimama, hiyo ni ishara. Kipimo hiki hakihitaji mashine kubwa. Hata zahanati inaweza kukifanya.

Atapima sukari ya damu, kwa sababu inaweza kuwa imeshuka. Katika hospitali watapima pia chumvi za damu. Kwa ugonjwa wa Addison, chumvi iitwayo sodiamu huwa chini, na ile iitwayo potasiamu huwa juu.

Kipimo chenyewe hasa ni kupima kotisoli. Damu hutolewa asubuhi, kama saa 2, wakati kotisoli inapotakiwa kuwa nyingi. Ikiwa chini sana, ugonjwa upo. Ikiwa nyingi, ugonjwa haupo. Ikiwa katikati, wanafanya kipimo kingine. Wanampiga mgonjwa sindano ya kuziamuru tezi zifanye kazi. Baada ya dakika 30 na dakika 60 wanatoa damu tena. Tezi nzima zitaitikia. Tezi zilizoharibika hazitaitikia.

Tena watatafuta chanzo. Watapima makohozi, watapiga picha ya kifua, watapima virusi vya UKIMWI, na pengine watapiga picha ya tumbo kuzitazama tezi.

Usitegemee kupata kipimo cha kotisoli katika zahanati. Utaanzia zahanati au kituo cha afya, kisha utaandikiwa kwenda hospitali. Kwa sisi wa Mkalama, hospitali ya Iambi imo wilayani kwetu, na Hospitali ya Rufaa ya Mkoa iko Singida mjini. Wao wakiona inafaa, watakutuma mbele zaidi, kama hospitali ya Benjamin Mkapa iliyoko Dodoma, au Muhimbili, Dar es Salaam.

MATIBABU

Zamani madaktari waliujua ugonjwa huu lakini hawakuwa na dawa ya kuutibu vizuri. Wagonjwa walikufa. Kisha wataalamu waligundua jinsi ya kutengeneza homoni hizi nje ya mwili. Edward Kendall, Philip Hench na Tadeus Reichstein walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1950 kwa kazi yao juu ya homoni za tezi za adrenali.

Matibabu ni kurudisha kile kilichokosekana. Mgonjwa anameza haidrokotisoni badala ya kotisoli. Kwa kawaida mtu mzima hupewa miligramu 15 hadi 25 kwa siku, akigawa mara mbili au tatu. Sehemu kubwa huimeza asubuhi anapoamka. Pale ambapo haidrokotisoni haipatikani, daktari anaweza kumpa predinisoloni kidogo. Mgonjwa wa Addison huongezewa kidonge cha fludrokotisoni ili chumvi isipotee. Dawa hizi, haidrokotisoni na fludrokotisoni, zimo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani.

Kama chanzo ni kifua kikuu, nacho kitatibiwa, na dawa za kifua kikuu katika nchi yetu hutolewa bure. Lakini jambo moja lijulikane. Moja ya dawa hizo, rifampisini, huimaliza haidrokotisoni haraka mwilini. Kwa hiyo daktari anaweza kumwongezea mgonjwa vidonge vya haidrokotisoni. Asipojua kwamba mgonjwa anameza dawa zote mbili, mgonjwa atazidiwa.

Mgonjwa wa Addison atameza dawa maisha yake yote. Wengine husikia hivyo wakakata tamaa. Wasikate tamaa. John F. Kennedy aliambiwa ana ugonjwa huu mwaka 1947, akiwa na umri wa miaka 30. Aliendelea na dawa, na mwaka 1961 akawa Rais wa Marekani. Mwalimu Nyerere alipoitembelea nchi hiyo mwezi Julai 1963, Kennedy ndiye aliyempokea. Aliuawa kwa risasi mwezi Novemba mwaka huo. Hakufa kwa ugonjwa wa tezi.

MAMBO YA KUSHIKA KILA SIKU

Mgonjwa na watu wa nyumbani kwake washike mambo haya:

1. Asiache dawa hata siku moja. Akibakiwa na za wiki mbili, aende kuchukua nyingine. Masika barabara zinaweza kuharibika.
2. Akipata homa au akiumia, anahitaji dawa zaidi. Kwa kawaida daktari humwelekeza ameze mara mbili au mara tatu ya kipimo chake mpaka homa iishe. Aulize maelekezo hayo mapema, yaandikwe kwenye daftari lake.
3. Asinyimwe chumvi. Siku za jua kali na jasho jingi anaihitaji zaidi.
4. Aseme ugonjwa wake kabla ya kupasuliwa, kung'olewa jino au kujifungua. Akitaka kufunga, amwulize daktari kwanza.
5. Atembee na karatasi yenye jina lake, jina la ugonjwa na dawa anazomeza.

AKIZIDIWA GHAFULA

Hatari kubwa ni hii. Mgonjwa anaanza kutapika au kuharisha. Vidonge havikai tumboni. Presha inashuka, anasema maneno yasiyoeleweka, kisha anazimia. Hapo hakuna kungoja kupambazuke. Hakuna kungoja kikao cha ukoo. Tafuteni bodaboda au gari, mpelekeni hospitali au kituo cha afya usiku huo huo.

Mkifika, msiseme tu "anatapika." Semeni hivi: "Huyu ana ugonjwa wa tezi za adrenali, anahitaji sindano ya haidrokotisoni." Onyesheni ile karatasi. Mtu mzima huanza kupewa miligramu 100 za sindano, katika mshipa au katika msuli, pamoja na dripu ya maji ya chumvi, na sukari kama imeshuka. Sindano hii haingojei majibu ya maabara. Waganga wengi wanaifahamu, kwa sababu hutumika pia kwa pumu kali. Mgonjwa akiipata mapema huokoka, akichelewa anaweza kufa.

Kumbe basi, maisha ya mtu huyu yanaweza kutegemea jirani anayejua kusoma ile karatasi kwa sauti mbele ya mganga, saa nane za usiku. Jirani huyo anaweza kuwa wewe.

MASWALI YA KUJADILI

1. Tezi za adrenali ziko wapi mwilini?
2. Kwa nini mgonjwa wa Addison hutamani chumvi?
3. Je, katika kijiji chenu wapo watu wanaonunua vidonge vya kunenepa? Mtawaambia nini?
4. Kwa nini si vizuri kuacha predinisoloni ghafula?
5. Jirani yenu mgonjwa anatapika usiku. Mtafanya nini kwanza? Mtamwambia mganga maneno gani?

MANENO MAPYA

Homoni: kitu kinachotengenezwa na tezi na kupeleka maagizo mwilini kwa njia ya damu.
Kotisoli: homoni inayosaidia mwili kuhimili homa, jeraha na shida nyingine.
Aldosteroni: homoni inayozuia chumvi isipotee katika mkojo.
Pituitari: tezi iliyo chini ya ubongo, inayoziamuru tezi nyingine.
Haidrokotisoni: dawa inayotumika badala ya kotisoli.